Kadi ya Ireri

Ipo Jumapili moja, mwanangu Kendi, ambayo nikiikumbuka viganja hunitoka jasho hata leo, na mimi ni mzee wa kuota jua na kufukuza tumbili kwenye ndizi. Ulikuja juzi na barua yako ya kazi ukanisomea mara mbili: meneja wa timu, na usimamizi wa uwanja mpya juu yake. Nilifurahi, sikatai. Mama yako alifurahi kunishinda, ameshawaambia akina mama wote wa kanisani. Lakini uliponiomba neno la kukusaidia kazini nilinyamaza, ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Niliogopa. Basi keti hapa, weka hiyo simu kando, nikuogopeshe na wewe. Hofu yangu ilinifikia ikiwa imechelewa. Yako nataka iwahi.

Watu wa hapa Kianjai huniita Meneja, nawe umekua ukidhani ni utani kwa sababu ya kashamba kangu haka. Si utani. Kabla hujazaliwa nilikuwa meneja wa kweli, mwenye suti moja na mkoba wa ngozi. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilikuwa na timu ya mpira iliyolipa wachezaji mshahara, na uwanja wake pale Meru mjini. Niliingia kama karani, na kwa vile nilikuwa na mwandiko mzuri na mdomo mwepesi, nikapewa timu pamoja na uwanja. Nilijua kila ubao wa jukwaa, upi umeoza na upi bado unashikilia. Nilijua geti lipi hukwama mvua ikinyesha. Siku ya mechi nilitembea na fungu la funguo kiunoni likilia njia nzima, na nilipenda watu walisikie. Usicheke, nimeona jinsi unavyoibeba barua yako.

Msimu ule tulikuwa karibu kupanda daraja. Katikati ya uwanja tulimtegemea Ireri, kijana mpole wa Siakago, mtu wa kupokea mpira kama anayepokea kikombe cha chai. Katikati ya msimu akapata nafasi ya chuo cha ualimu, akaniaga vizuri, akaenda zake. Hakukosea. Kadi yake ya ligi ilibaki kwenye mkoba wangu. Ilikuwa na jina lake, jina la baba yake, kijiji chao, na picha ndogo iliyofifia upande mmoja kwa kushikwashikwa. Muda wa kusajili wachezaji wapya ulikuwa umekwisha. Mwenyekiti wa chama aliniita ofisini akasema anataka timu ipande daraja, jinsi itakavyopanda ni kazi yangu. Nilitoka pale nikijisikia mkubwa. Leo ningetoka pale nikaandika barua ya kuacha kazi.

Majuma mawili baadaye nilikuwa Timau. Unajua Timau ilivyo, upepo wa mlima unapenya hadi kwenye meno. Wafanyakazi wa mashamba ya ngano walikuwa wakicheza kwenye shamba lililovunwa, juu ya mabua makavu, wengi wao bila viatu. Pale nikamwona Mutwiri. Alikuwa na umri wa miaka ishirini, kimo kile kile cha Ireri, paji la uso lile lile, na mguu wa kushoto ambao sijauona tena kwa mtu mwingine. Nikatoa kadi mkobani, nikaiangalia picha, nikamwangalia yeye. Nikairudisha.

Kwetu, kama ujuavyo, humchukui kijana wa watu njiani. Unaenda kwao, unabeba sukari na majani chai, unaketi, unangoja uulizwe kilichokuleta. Nilifanya hivyo, kwa adabu zote. Mama yake alikuwa mjane, mpishi wa wafanyakazi wa shamba, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo. Alinipa uji wa wimbi akakaa kuniangalia ninywe. Nilipomaliza maelezo yangu akaniambia hivi:

"Huyu ana jina la babu yake, baba ya marehemu mume wangu. Ndiye mwanamume amebaki kwa hii nyumba. Ukimchukua, Meneja, mimi nitakuuliza huyu huyu."

Nikamjibu, "Mama, kwangu atakuwa kama ndugu."

Akanieleza na mambo mengine. Kwamba asilale na nguo mbichi, kwamba Jumapili asubuhi apelekwe kanisani kabla ya mechi. Tena akasema juu ya sindano. Mutwiri akiwa mtoto mdogo zahanati ya shamba ilimdunga penisilini, ile nyeupe kama maziwa, akavimba uso na koo mpaka akakosa pumzi. Walimkimbiza kwa trekta hadi hospitali. Yeye mwenyewe hakumbuki, mama akasema, alikuwa hajaanza hata kuongea vizuri, kwa hiyo ni mimi nimkumbukie. Nilitikisa kichwa kwamba nimesikia. Lakini mwanangu, nitakuambia ukweli, nilikuwa naangalia miguu ya kijana wake aliyekuwa akipasua kuni pale nje.

Tulipofika Meru nilianza kumfundisha. Nilimketisha chini ya jukwaa la uwanja, siku tatu mfululizo, kama mwalimu wa katekisimu. Unaitwa nani? Ireri. Wa nani? Wa Nyaga. Umetoka wapi? Siakago. Umesoma wapi? Nilimfundisha hata jina la mwalimu mkuu. Nikamwambia mtu yeyote akimwuliza jina, awe mkubwa au mdogo, ajibu hivyo hivyo mpaka mimi nimpe ruhusa ya kujibu vingine. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili hakucheka. Siku ya tatu akaniuliza, "Meneja, na nikiumia?" Nikamwambia hataumia.

Kabla ya kila mechi kamisaa wa ligi alikuwa akikagua kadi. Wachezaji wanapanga mstari, anaita jina, mchezaji anasogea, anataja jina lake, kamisaa anatazama picha, anatazama uso. Mara ya kwanza nilisimama nyuma ya mstari nikihesabu hatua za kufika getini. "Ireri wa Nyaga," kamisaa akaita. Mutwiri akasogea, akataja lile jina kwa sauti iliyotulia kuliko yangu. Kadi ikapita. Tulishinda. Mechi ya pili tulishinda, ya tatu tulishinda, na hofu yangu ikaanza kupungua kila wiki. Hapo ndipo ungenipata, kama ungekuwepo, ukanizaba kofi. Hofu ile ilikuwa inanifaa, nami niliishukuru kwa kuondoka.

Basi ikafika hiyo Jumapili. Mechi ilikuwa Embu, na ushindi mmoja tu ulitutenganisha na daraja la juu. Uwanja ulijaa hadi watu wakapanda ukuta. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na katikati palikuwa na tope. Kipindi cha pili kilipoanza Mutwiri aliufuata mpira mmoja wa kawaida kabisa, beki wao naye akaufuata, hakukuwa na ubaya wowote kati yao. Wote wawili waliteleza. Nilikuwa kwenye benchi upande wa pili wa uwanja na nikausikia mfupa. Kelele zote zilikatika. Nilipofika alikuwa amelala chali, mguu wake wa kushoto umepinda mahali pasipo na goti, na mfupa umetoboa soksi ukatoka na tope juu yake.

Tulimpakia kwenye pikapu ya timu. Njiani alinishika mkono akauminya mpaka pete ikanikata, lakini hakulia. Alikuwa akisema "mami, mami" polepole kwa Kimeru, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwambia anyamaze, kwa sababu Ireri ni Mmbeere, si Mmeru, na hangemwita mama yake vile.

Kwenye chumba cha majeruhi alitupokea muuguzi mmoja mzee, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tutamwita Sista, kama sote tulivyomwita. Nyuma yetu aliingia kamisaa wa mechi, amekuja kuandika ripoti ya ajali, akasimama mlangoni na kalamu yake. Sista akakata soksi kwa mkasi, akatazama. Kisha akamwinamia Mutwiri akamwuliza jina.

Mutwiri hakumtazama Sista. Alinitazama mimi. Uso ulikuwa umekuwa wa rangi ya majivu na jasho linamtiririka masikioni.

"Ireri," akasema. "Ireri wa Nyaga. Wa Siakago."

Alisema kwa mpangilio ule ule niliomfundisha, hakuacha hata kimoja. Ndipo hofu iliponirudia. Safari hii ilitulia kama inayojua haina haraka.

Sikuwa nimefikiria jambo moja dogo. Watu wa Siakago wakiugua sana huletwa Embu. Sista alimtuma karani atafute kama huyu Ireri ana faili, na baada ya muda karani akarudi nalo, jepesi, la manjano, kingo zimeliwa na mende. Jina lake, jina la baba yake, kijiji chao. Yote yalikuwa sawa. Sista akalifungua akasoma kwa sauti huku akifuata mistari kwa kidole. Ireri aliwahi kulazwa pale akiwa mtoto kwa homa ya mapafu, akadungwa penisilini wiki nzima akapona. Miaka kadhaa baadaye akaletwa tena ameumwa na nyoka mguu wa kushoto.

"Vizuri," akasema Sista. "Dawa inamkubali."

Akaenda kabatini akatoa chupa ndogo. Akaitikisa. Ilikuwa nyeupe kama maziwa.

Sasa nisikilize, Kendi, hapa ndipo penyewe. Nilikumbuka. Nisikudanganye kwamba nilisahau, wengi wangekuambia walisahau. Nilimwona mama yake na ule uji, nikasikia sauti yake ndogo ikisema nimkumbukie. Na bado sikufungua kinywa. Nilimtazama kamisaa mlangoni. Nilifikiria zile mechi tatu zikifutwa, mwenyekiti akinirushia mkoba wangu nje, jina langu likisomwa redioni. Sista akachoma chupa kwa sindano akavuta. Mimi kimya. Akainua sindano juu akatoa hewa. Mimi kimya. Akalowesha pamba kwa spiriti akapangusa paja la Mutwiri, na kijana akafumba macho kwa kuniamini. Sijui ni nani aliyenifungua mdomo. Nadhani ni yale macho kufumbwa.

"Sista, ngoja kidogo," nikasema. "Hiyo dawa haimfai. Mama yake aliniambia ilitaka kumwua."

Kamisaa aliinua kichwa. Sista akageuka, sindano mkononi.

"Hii faili inasema alidungwa hapa wiki nzima."

"Ilianza baadaye. Akiwa kwetu Meru."

Nilidanganya bila hata kukwama, jambo lililonishangaza mimi mwenyewe. Sista akanitazama juu ya miwani. Kisha, polepole, akashuka mpaka kwenye mguu ule uliovunjika, akapangusa tope juu ya wayo na kifundo kwa pamba ile ile. Akageuza mguu mwingine. Akapangusa na huo.

"Kovu ya nyoka iko wapi?"

"Iliisha," nikasema.

"Kovu ya nyoka haiishi, kijana yangu." Aliweka sindano kwenye sahani ya chuma, na sauti ya chuma ile naisikia hadi leo nikiweka kijiko mezani. Akanikaribia asisikike na kamisaa. "Mimi natibu mtu, sitibu faili. Nitaambia daktari ampe dawa ingine. Lakini kama kuna kitu unajua, ujue mimi nimekuuliza."

Nikamwambia hakuna kitu.

Kabla jua halijazama walimpeleka kupasuliwa. Karatasi ya ruhusa nilitia sahihi mimi. Palipoandikwa mgonjwa niliandika Ireri, na palipoandikwa jamaa wa karibu niliandika kaka. Walimnyoosha mfupa, wakamfunga, wakaniambia ataishi na mguu hautakatwa. Na mimi, unajua nilifanya nini? Nilijipongeza. Nilitoka nje nikashukuru Mungu kwa jinsi nilivyokuwa mwerevu, kwamba nimemwokoa kijana na nimeiokoa timu kwa pumzi moja. Jumatatu nilirudi Meru. Kulikuwa na simu ofisini, na ofisi ya lile shamba la Timau ilikuwa na simu. Niliinyanyua mara mbili nikaiweka chini. Ningemwambia mama yake nini? Kwamba akifika hospitali aulize Ireri? Nikasema nitapiga kesho.

Kesho hiyo ilikuwa Jumanne. Saa tano asubuhi nilikuwa naingia tena kwenye geti la hospitali, nimebeba machungwa. Sista alikuwa amesimama kwenye njia inayotoka nyuma ya majengo, amemshika mwanamke mmoja kiwiko. Mwanamke mrefu, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni. Nilimjua kabla sijamwona uso.

Yaliyotokea nilielezwa na Sista baadaye, nami nakueleza kama nilivyoelezwa. Dereva wa lori la ngano alikuwa uwanjani siku ile, akaona mguu, akamjua Mutwiri. Jumatatu jioni alipofika Timau akamwambia mama. Mama akaondoka kabla ya mapambazuko. Alipofika dirishani akamwuliza karani mtoto wake, Mutwiri, mchezaji aliyevunjika mguu. Karani akatazama kitabu. Hakuna Mutwiri. Mama akasema aliletwa Jumapili kutoka uwanjani. Karani akasema aliyeletwa kutoka uwanjani ni mmoja tu, Ireri wa Siakago, jamaa yake ametia sahihi. Mama akauliza, basi wangu yuko wapi? Karani akatazama tena, wodi zote. Hakuwa mtu mbaya yule karani. Alimwambia kwa upole kwamba asiyekuwa kwenye kitabu cha wodi huenda yuko kwenye kitabu kingine, na Jumapili hiyo hiyo kuna kijana aliletwa kutoka barabarani bila jina. Akamwonyesha njia ya nyumba ya maiti.

Akaenda. Peke yake, mwanangu. Mlinzi wa pale hakujua kijana wa barabarani yuko kwenye meza gani, kwa hiyo akamfunulia mmoja mmoja. Alifunuliwa watatu. Kila shuka ilipoinuliwa alilazimika kutazama, kwa sababu mimi sikupiga simu, na kwa sababu kwenye kitanda cha mtoto wake mzima nilikuwa nimeandika jina la mtu mwingine. Nimeishi miaka mingi tangu hapo. Nimezika wazazi wangu wote wawili. Lakini nikitaka kujua woga ni nini, nafikiria ile shuka ya pili, wakati amekwisha kuona mmoja ambaye si wake na bado kuna wengine.

Sista alimkuta akitoka. Akamwuliza anatafuta nani, mama akamweleza, naye akakumbuka mguu usio na kovu. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Tuliingia wodini sote watatu. Mutwiri alikuwa kitanda cha nne, mguu umening'inizwa, ubao wa jina juu ya kichwa chake umeandikwa Ireri N. kwa chaki. Alikuwa macho. Mama yake akasimama miguuni pa kitanda akaushika upau wa chuma kwa mikono miwili.

"Mutwiri," akaita.

Kijana alimsikia. Niliona jinsi kifua kilivyopanda. Lakini hakuitika. Alizungusha macho polepole, akanitafuta mimi nyuma ya mama yake, akaniangalia, akangoja. Alikuwa anauliza kama anaruhusiwa.

Mama aliyaona yale macho. Akayafuata mpaka yalipofika kwangu. Nilitaka ardhi inimeze na machungwa yangu. Nilidhani atapiga mayowe, nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Hakufanya lolote. Aliongea kwa ile sauti yake ndogo, na wodi nzima ikasikia.

"Nimetoka kwa maiti saa hii," akasema. "Nimeangalia watoto wa watu watatu. Mimi nilikupa mtoto ana jina. Sasa ananiangalia, mimi mama yake, na anangoja wewe umwambie yeye ni nani. Muite, Meneja. Wewe ndiye ulimfunga, mfungue. Muite."

Nilijaribu, sauti ikakataa. Jaribio la pili lilitoka kama kikohozi. La tatu nikasema, "Mutwiri," na nikaongeza jina la baba yake, kama mama alivyonitajia siku ya uji. Na yule kijana, aliyekaa na mfupa nje ya ngozi bila kutoa chozi, akajifunika uso kwa mkono akalia kama mtoto mchanga. "Niko," akasema. "Mami, niko."

Kutoka pale nilienda mwenyewe dirishani, nikamwambia karani afute jina moja aandike jingine. Kisha nikamtafuta kamisaa nyumbani kwake, nikamwekea kadi mezani. Mechi zote nne zilifutwa, timu ikafungiwa, na msimu uliofuata chama kikaivunja kabisa. Vijana kumi na wanane walirudi makwao kwa sababu yangu. Nilinyang'anywa funguo za uwanja mbele ya watu, na nilipokuwa nikitembea kuja kituoni kiuno kilikuwa kimya, nikahisi niko uchi. Mutwiri alipona lakini hakucheza tena. Mguu ule wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia. Alipata kazi ya ghala kule kule Timau, akaoa, ana watoto. Ndiye yule mgeni anayekuja Krismasi akichechemea, unayempenda kwa hadithi zake. Alinisamehe zamani, na mama yake kabla hajafariki alinisamehe pia, ingawa hakuwahi tena kunipa uji. Lakini mpaka leo Mutwiri akinipigia simu, hata kama tumeongea jana, huanza kwa kutaja jina lake lote, lake na la baba yake. Sidhani anafanya kwa makusudi. Mimi kila mara hushika ukuta kwanza.

Basi neno uliloniomba ni hili, Kendi. Utapewa uwanja wenye viti vya rangi na taa na mageti yanayofunguka yenyewe, na watakuambia kazi yako ni huo uwanja. Utautunza, ndiyo, na ubao ukioza ubadilishe usingoje mtu aanguke. Lakini kila anayevaa jezi yako ametoka kwenye mlango wa mtu. Nenda kwao, hata kama ni Timau, hata kama ni Siakago kwenye jua kali. Ukiambiwa jambo juu ya mtoto wa mtu, acha kutazama miguu yake, liandike. Wakikuletea karatasi yenye jina lisilo lake ili mshinde, jiulize ni nani atakayetumwa kufunua shuka siku mambo yakiharibika. Na ukiwa umeshakosa, maana nawe utakosa, usiseme utapiga simu kesho. Sema siku hiyo hiyo, na useme yote. Mimi nilisema nusu, na ile nusu niliyoificha ndiyo iliyompeleka mama wa watu kwenye nyumba ya maiti. Woga ukikujia kabla ya kutia sahihi, usiufukuze. Uketishe, uusikilize, mwenzio niliufukuza.

Sasa sogea hapa, inama kidogo. Nakutemea mate ya baraka kifuani kama baba yangu alivyonitemea, usijipanguse. Mungu akupe kazi isiyokuaibisha. Akupe masikio ya kusikia sauti ndogo. Kila mtoto utakayempokea mlangoni kwao, umrudishe mlangoni kwao, na mama yake akimwita, aitike pale pale bila kukutazama wewe.